Jino Zima Ndani ya Kopo la Vifungo

Maji ya udhu ndiyo yaliyonitambulisha ugonjwa wangu. Ilikuwa alfajiri ya mwezi Juni 2022, kusi imeshika, bahari ya Mkwaja inanguruma tangu usiku. Nilinawa mikono, nikasukutua, nikapandisha maji puani, na kiganja kilipogusa shavu la kulia kitu kikanipiga. Sisemi kiliniuma, maana kuuma nakujua: nimezaa watoto 5, na nimewahi kujidunga kidole kwa sindano ya cherehani ikatokea upande wa pili. Hiki kilikuwa kama waya wa umeme uliogusishwa kwenye gego la chini, moto ukapita taya mpaka karibu na sikio, kisha ukakatika. Haukutimia muda wa kuvuta pumzi mbili. Nilibaki nimeinama juu ya kata ya maji, naogopa kumalizia uso.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka 30 nimeshona hapa kijijini sare za shule, madera, kanzu za watoto za Idi, na kupinda kanga zisizo na hesabu. Na kama mafundi wengi waliojifunza zamani, mkasi ukiwa mbali uzi naukata kwa meno. Kwa hiyo sikuhangaika kutafuta sababu. Nilijua ni uzi. Mume wangu alijua ni uzi. Wateja wakija kuchukua nguo wakanikuta nimeshika shavu, walisema, "Pole fundi, si tulikwambia?" Sababu ikishapatikana mapema namna hiyo, hakuna tena anayeitafuta.

Nyumbani tulifanya yanayofanywa. Maji ya chumvi ya vuguvugu. Mzizi wa mtunguja, ambao mama mkwe wangu alinichimbia mwenyewe nyuma ya nyumba. Mafuta ya karafuu kwenye kipande cha pamba, na hayo si uzushi: yana kiini kiitwacho yujenoli chenye kutia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe hukichanganya katika dawa ya kuziba jino kwa muda. Mama mkwe alisema pia habari ya mdudu wa jino, kwamba yuko ndani anatafuna na lazima atolewe. Imani hiyo ni ya kale kuliko pwani yetu. Watu wa Babeli waliishika, na Ulaya ikaishika karne nyingi. Mwaka 1728 tabibu wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alichapisha kitabu kikubwa cha tiba ya meno akaeleza kwamba alilitafuta dudu hilo kwa hadubini katika meno mabovu asilione. Kinachoozesha jino ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokula sukari tunayoacha mdomoni na kutoa asidi inayolainisha jino. Lakini huku kwetu mtu mwenye maumivu bado huambiwa ana mdudu, na neno hilo linabeba amri ndani yake. Mdudu hutolewa. Jino hung'olewa.

Wiki ya tatu nilikwenda kliniki moja. Sitaitaja wala mji wake. Aliyenipokea alikuwa kijana mpole, alinisalimia kwa shikamoo, akanikalisha vizuri. Akaniuliza, "Mama, linauma lipi?" Nikafungua mdomo nikaweka kidole juu ya gego la chini, la pili kutoka mwisho. Mashine ya picha haikuwapo. Alitazama kwa kioo, akaona meno ya mtu mzima yaliyochakaa kama yalivyo ya wengi wa umri wangu, akanichoma ganzi, akang'oa. Kwa hasira ya maumivu nilimwomba anipe lile jino. Nililifunga kwenye kitambaa, na nyumbani nikalitia ndani ya kopo la vifungo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu fundi hatupi kipande.

Siku 6 nilikaa salama. Kidonda kilikuwa na uchungu wake wa kawaida, nikala uji na mtori. Siku ya 7 upepo ulinivuma shavuni nikiwa juu ya bodaboda, na ule waya ukanipiga tena, palepale, kwenye jino ambalo halimo.

Mtu asiyepitia hayo hawezi kujua upweke wake. Unahisi jino lisilokuwapo linaunguzwa. Ukimwambia mwenzio anakutazama kwa huruma iliyochanganyika na wasiwasi. Nikaanza kujihadhari na kila kitu. Ushungi niliuacha legevu upande wa kulia usiguse shavu. Nilitafuna upande mmoja. Nilipunguza maneno, mimi ambaye kibaraza changu ndiko habari za kijiji zinakopita, kwa kuwa hata kutamka kulikuwa na uwezo wa kuliamsha. Kwenye udhu nilikuwa nalia kabla ya maji kunigusa. Nilirudi kliniki ileile. Yule kijana alisikitika kwa dhati, akatazama, akasema huenda tulikosea jirani. Gego la nyuma yake nalo limechakaa. Akanipangia Jumatatu aling'oe.

Nataka nimtendee haki. Maumivu ya mdomoni ni mwongo mzuri. Jino la chini likiwa bovu, mgonjwa anaweza kuapa kwamba linalouma ni la juu yake. Mshipa wa fahamu unaoleta habari za meno ya juu, meno ya chini, shavu, paji na jicho upande mmoja ni mmoja tu, wa 5 katika mishipa 12 inayotoka kwenye ubongo, nao una matawi 3. Ubongo hupokea kelele kutoka njia hiyo na mara nyingine haujui mlango uliogongwa. Isitoshe, kuna sababu nyingine inayomsukuma tabibu kwenye koleo. Sehemu nyingi za nchi yetu mgonjwa wa jino hufika amechelewa, na huduma ambayo ina uhakika wa kupatikana siku hiyohiyo kwa bei anayoimudu ni kung'oa. Kuusafisha mzizi na kuuziba kunahitaji vifaa, picha, safari mbili au tatu, na fedha. Kijana yule alikuwa na koleo, ganzi na mgonjwa aliyelia akaonyesha kidole. Kidole changu ndicho kilichosema uongo wa kwanza.

Aliyeniokoa na Jumatatu hiyo ni binti wa marehemu dada yangu, anayefanya kazi ya uuguzi Tanga. Alinipigia simu kunijulia hali, akasikia nasema nusunusu. Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama mdogo, lile jino walilong'oa lilikuwa na tundu?"

Sikuwahi kulitazama. Nilikwenda kwenye kopo, nikamwaga vifungo juu ya meza, nikafungua kitambaa. Gego lilikuwa zima. Juu limesagika kidogo, mizizi yake miwili imesimama kama miguu ya kigoda, lakini tundu hakuna, weusi hakuna, ufa hakuna. Nikaligeuza mara kadhaa kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia, "Ni zima, mwanangu." Akasema, "Basi usikubali wang'oe lingine. Njoo huku kwanza."

Usiku ule nilimkumbuka sana baba. Alikuwa mchungaji katika ranchi ya Mkwaja, ile ya kampuni ya Amboni, iliyofunguliwa miaka ya 1950 ili wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wapate nyama. Majani yalikuwa mengi kupita kiasi; mvua za pwani zikinyesha, nyasi zilimficha mtu. Na ndani ya majani hayo ng'ombe aina ya Boran walikonda. Mgeni akimwona ng'ombe amekonda hutazama malisho, halafu maji. Baba alikuwa akitazama mbung'o. Alijua kwamba taabu inayoonekana mbavuni imeingilia kwenye damu, kwa kuumwa na nzi mdogo, na kwamba kumwongezea ng'ombe huyo majani ni kazi bure. Walidungwa sindano za Samorin mwaka baada ya mwaka ili nagana, ugonjwa unaoletwa na nzi huyo, isiwamalize. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na leo ardhi ile ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, tembo wanapita mlemle baba alimokuwa akipiga miluzi. Mimi binti yake nilikuwa nimekaa mwezi mzima natazama majani.

Lakini sikuondoka kesho yake. Kulikuwa na aibu. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba anayekutibu huna mbele yake neno la kubisha. Kwenda kwa daktari mwingine wakati wa kwanza amekupa siku, niliona ni kama kuwatangazia watu kwamba hajui kazi. Mume wangu ndiye aliyenitoa kwenye fikra hiyo, kwa njia yake ya maneno machache. Alisema, "Gauni la biharusi likikubana kwapa si wanakuletea wewe, hata kama limeshonwa na fundi mwingine? Wewe humtukani yule fundi. Unatazama kwapa." Nikampigia simu yule kijana wa kliniki. Nikamshukuru, nikamwambia kwamba kabla ya kung'oa la pili ningependa kupimwa mahali penye mashine ya picha, nikaomba aniandikie alichokifanya. Nilitarajia akasirike. Alisema, "Hata mimi ningeshukuru kujua, mama." Akaniandikia kwenye daftari langu la matibabu tarehe, jino lenyewe, na ganzi aliyotumia.

Kutoka Mkwaja hadi Tanga ilikuwa bado ni safari ya kuvuka maji. Pikipiki hadi Bweni, kivuko juu ya Mto Pangani, kisha gari la abiria kama kilomita 50 hadi mjini. Kwenye kivuko nilijifunika uso wote kwa kanga mbili, si kwa stara bali kwa upepo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, imejengwa juu ukingoni mwa bahari, na nilipanda kilima kile nikiwa nimeupa upepo mgongo.

Daktari wa kinywa na meno niliyemkuta alikuwa mwanamke wa makamo. Hakuniambia nifungue mdomo. Aliniuliza, "Mama, yanaanzaje?" Nikashindwa kujibu mara moja, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa nikiulizwa yako wapi. Akanisaidia. Yanakaa muda gani? Sekunde, nikasema, pengine nusu dakika. Yanafuatana? Ndiyo, kama risasi, kisha kimya. Wakati wa kimya kuna maumivu ya chini kwa chini? Hakuna, ni hofu tu. Usiku yanakuamsha? Nikastaajabu, kwa maana sikuwahi kulifikiri hilo: usiku nikilala, nalala. Chai ya moto? Si chai, ni mdomo kuguswa na kikombe. Kitu gani kinayaleta bila kukosa? Nikamwambia: udhu, upepo, mswaki, ushungi. Aliandika yote.

Kisha ndipo akapima. Aligonga meno moja moja kwa mpini wa kioo, akanipa kijiti nikiume jino kwa jino, akagusisha kitu cha baridi akahesabu baridi inakaa kwa muda gani. Akanigusa mashavu yote mawili kwa ncha ya pamba akitaka nimwambie kama nahisi sawasawa. Picha ya eksirei ikaonyesha mizizi iliyotulia ndani ya mfupa. Nikamtolea kile kitambaa. Alilishika lile gego muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa wangu haukuwa wa jino hata siku moja.

Una jina refu, nyuralgia ya trijemina. Ni ugonjwa wa mshipa wenyewe wa fahamu, ule wa 5. Mara nyingi, karibu na mahali unapotokea kwenye ubongo, mshipa wa damu huegemea juu yake, na kila pigo la moyo linausugua. Baada ya miaka, ala inayoufunika huchakaa, kama waya wa umeme uliotoboka gamba. Hapo mguso mdogo wa shavuni hulipuka na kufika ubongoni kama moto wa jino. Ni ugonjwa wa nadra. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Nimekuja kusoma kwamba daktari wa London, John Fothergill, aliwaeleza wenzake maumivu haya mwaka 1773, akiwa ameyaona kwa wagonjwa wake. Karne mbili na nusu zimepita, na hadi leo, hata katika nchi zenye vifaa vyote, watu wengi wenye ugonjwa huu huanzia kwa daktari wa meno, na baadhi yao hupoteza jino zima, wengine zaidi ya moja, kabla ya kutambuliwa. Ipo hata hila ndani yake: ganzi ikichomwa penye jino linaloshukiwa, maumivu yanaweza kukoma kwa saa kadhaa, kwa kuwa mguso unaoyaamsha umezuiwa. Mgonjwa anapumua, daktari anaona amethibitisha, na jino linaondoka.

Daktari alinipeleka kwa mwenzake wa magonjwa ya ndani, wakakubaliana. Dawa waliyoniandikia ni kabamazepini, nusu ya kidonge cha miligramu 200 asubuhi na nusu jioni, kwa kuanzia, baada ya kupima damu. Nilipofika dirishani, mfamasia akaniuliza kwa upole kama ni mimi mwenye kifafa.

Hapo miguu ilinilegea. Huku kwetu kifafa si neno la kutamkwa dirishani. Nilirudi ndani na vidonge mkononi, nikasema, "Daktari, mimi sina kifafa." Akanikalisha tena, na wagonjwa wanasubiri nje. Akasema dawa hii ni ya kifafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba inatuliza pia huu mshipa. Katika magonjwa yote mawili kazi yake ni ileile, kuzuia umeme wa mishipa kufyatuka ovyo. Akaniambia jambo jingine lililonikaa: kwamba panadoli na dawa za kawaida za maumivu haziushiki ugonjwa huu, na mgonjwa akimeza hiki akapata nafuu kubwa ndani ya siku chache, nafuu hiyo yenyewe ni ushahidi.

Siku ya 4 nilitawadha. Nilimwaga maji usoni, nikasubiri. Nikamwaga tena. Mume wangu alisikia nalia akatoka mbio akidhani yameanza.

Msomaji asichukue kidonge hicho kwa kusoma habari yangu. Kinaleta usingizi na kizunguzungu; wiki za mwanzo sikugusa cherehani ya umeme. Kinaweza kuharibu damu na ini, ndiyo maana napimwa. Upele ukitokea mwilini, hasa ukifuatana na homa au vidonda vya mdomoni, ni kurudi hospitali siku hiyohiyo bila kungoja. Na kinapunguza nguvu ya dawa nyingine, zikiwamo vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, hivyo lazima daktari ajue kila unachomeza, hata kama hutaki jirani ajue. Baadaye nilikwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya MRI, kwa sababu mara chache maumivu haya husababishwa na uvimbe au ugonjwa mwingine wa ubongo. Kwangu hapakuwa na uvimbe. Kulionekana mshipa wa damu ulioegemea pale wanapopataja. Upo upasuaji wa kuutenganisha na neva kwa kuweka kipande laini katikati, ulioendelezwa na daktari wa Marekani Peter Jannetta tangu miaka ya 1960. Nimeambiwa nitaufikiria dawa ikishindwa. Haijashindwa. Kila kusi inaporudi naongezewa kidogo, kaskazi ikija napunguziwa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizia meno ya watu, na nimejifunza kwamba nyuralgia ni njia moja tu ambayo jino husingiziwa. Daktari yule alinieleza nyingine siku za marejeo, naye akitabasamu jinsi nilivyokuwa nikiandika. Uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu ukijaa usaha baada ya mafua, magego ya juu huuma yote kwa pamoja, na huzidi mtu akiinama. Anayesali atayahisi kwenye sijda. Jino lenye ufa mwembamba halionyeshi kitu kwenye picha, ila hukuchoma unapouma kitu kigumu, au unapoachia. Anayesaga meno usingizini huamka taya limechoka na meno yote yakiwa na ganzi ya uchungu. Mkewe au mumewe ndiye shahidi, anaisikia sauti. Mkanda wa jeshi ukimpata mtu usoni unaweza kuacha maumivu kwenye taya miezi mingi baada ya malengelenge kupona. Na moyo. Hili liliniogopesha kuliko yote: moyo unaokosa damu ya kutosha unaweza kuuma kwenye taya la chini. Maumivu ya taya yanayomjia mtu akipanda mlima au akibeba ndoo, na kumwachia akipumzika, hayaendi kwa daktari wa meno kwanza. Yakija na jasho jembamba na kifua kubana, ni hospitali sasa hivi.

Tena nchi yetu imewahi kuona meno yakibebeshwa magonjwa ya mwili mzima. Tangu miaka ya 1980 ulienea uvumi wa meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, aliambiwa ana meno mabaya ndani ya ufizi, na wapo waliochokonolewa vijimeno vya chonge ambavyo havijaota, kwa chombo kichafu. Watoto waliokuwa wakihitaji maji ya chumvi na sukari, au dawa ya malaria, walirudishwa nyumbani wanavuja damu. Baadhi walikufa. Sikuweza kusoma habari hizo bila kuliwaza lile gego langu.

Watu huniuliza, kwa hiyo kila maumivu ya jino mtu atafute daktari wa pili? Hapana. Jino lenye tundu linalopwita usiku ukilaza kichwa, linalokaa na uchungu wa baridi kwa dakika nzima, linajieleza lenyewe. Likishavimbisha shavu, likaleta homa, mdomo haufunguki, kumeza ni shida, hapo kusafiri kutafuta maoni ni hatari. Usaha wa jino ukishuka shingoni huziba pumzi na huua. Huyo apelekwe hospitali ya karibu usiku huohuo. Daktari wa pili ninayemsema mimi ni wa maumivu yasiyo na maelezo: daktari ametazama asione kasoro, au jino limeshatibiwa na maumivu yako palepale, au yanahama, au unaambiwa jino ling'olewe "tuone". Neno hilo "tuone" ndilo limenifundisha kusimama. Kitambaa kikishakatwa hakuna fundi anayekirudisha, na jino la mtu mzima haliko dukani.

Na ukienda, nenda na habari nzima. Daftari la daktari wa kwanza, picha kama ipo, dawa ulizomeza na ulizotafuna, hata za miti. Usizifiche kwa aibu. Mimi ningekuwa nimeandika tangu mwanzo saa yanapoanza, yanakaa kwa muda gani na kitu kilichoyaleta, lile swali la daktari wa Bombo lingejibiwa kabla halijaulizwa. Kumficha daktari wa pili yaliyosemwa na wa kwanza, kama wafanyavyo wengine wakitaka kumjaribu, ni kumfunga macho mtu unayemwomba atazame. Njia iliyo nyepesi mfukoni ni ya rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kila mmoja akiandika barua. Ni ndefu kwa mtu wa Mkwaja, nauli yake nzito, na naumia nikiwaza wangapi huishia njiani. Lakini kumwambia tabibu wa kwanza, "Naomba barua nikatazamwe na mwenzako," si kumtukana, na nimeona kwa macho yangu kwamba wengi wao hushusha mabega, kama watu waliopunguziwa mzigo.

Mwaka jana jirani yangu, mvuvi, alikuja kibarazani ameshika taya. Tabibu alikuwa amemwambia gego la juu ling'olewe, naye alikuwa amesikia habari yangu, hivyo akagoma. Nilimwuliza yanaanzaje. Akasema yanapwita usiku, chai ya moto inayazidisha. Nikamwambia kwa maoni yangu hilo ni jino, lakini mimi ni fundi nguo. Aende akasikie kwa mwingine kama moyo wake haujatulia. Alikwenda Pangani na barua yake kwenye mfuko wa shati. Jioni alirudi na pamba shavuni, akasimama mlangoni, akanifungulia kiganja. Gego lilikuwa na tundu la kuingia punje ya mtama.

"Wamesema vilevile," akaniambia, kwa tabu, mdomo bado una ganzi. Nikampa kiti. Akakaa kidogo, akasema usiku huo atatoka na mtumbwi kama kawaida, ila kwanza anataka kulala.